Nyumbani Mwetu: Chungu cha Mwisho wa Mwezi

Akina mama wapenzi, na ninyi mabwana mnaosoma ukurasa huu kwa siri, leo tutazungumza juu ya supu ya mboga. Tunajua kwamba wengine watacheka. Watasema: supu ya mboga ni chakula cha mgonjwa, au ni desturi ya Wazungu, ambao hunywa maji ya majani kabla ya kula chakula chenyewe. Kwetu mtu hasemi amekunywa supu kama hakuona mfupa ndani ya sahani. Sisi nasi tulisema hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku mfuko wetu ulipotufundisha.

Ilikuwa tarehe 24 ya mwezi. Wenzetu walimu wataelewa mara moja maana ya tarehe hiyo. Mshahara ulikuwa umechelewa, na katika nyumba kulikuwa na maharagwe kidogo, puaro mbili, viazi vinne, na fungu la lengalenga lililoanza kunyauka. Saa kumi za jioni tukasikia hodi mlangoni. Alikuwa baba mkwe wetu, ametoka Walungu bila kutuma habari. Tukaona haya kubwa. Tukamwita mama wa watoto pembeni, tukamwambia kwa sauti ya chini kwamba tutakwenda dukani kukopa nyama. Naye akajibu: «Baba wa watoto, nyama ya leo tutailipa kwa njaa ya mwezi ujao. Niachieni chungu changu. Yule ni baba yangu, namjua.»

Hatukukopa. Lakini tulikaa na mzee tukizungumza habari za mvua na za ng'ombe, huku moyo wetu ukiwa jikoni. Chakula kilipoletwa, mzee akaonja, akanyamaza, akala. Kisha akasogeza sahani yake mbele, akasema: «Mkwe wangu, mboga hii imebaki?» Hakuuliza nyama iko wapi.

Basi, tutawaeleza jinsi chungu kile kilivyopikwa, maana ndicho tunachokijua vizuri kuliko vingine. Kwa watu saba twaeni vikombe viwili vya maharagwe makavu. Yachagueni, yaosheni, yalowekeni katika maji mengi tangu jioni, na asubuhi yamwageni maji yale. Kuloweka si kazi bure. Sisi wa Bukavu tunakaa juu sana, mita 1,500 hivi juu ya bahari, na katika nchi ya juu maji huchemka kabla ya kufikia moto wake wote: kwetu ni kwenye digri 95 tu, si 100 kama pwani. Kwa hiyo maharagwe yetu huchelewa kuiva, na makaa hupungua mfukoni. Maharagwe yaliyolala ndani ya maji huiva upesi zaidi, na mama hubakiwa na makaa ya kesho.

Tieni lita tatu za maji mapya, funikeni, pikeni. Mwanzoni moto uwe mkali, maji yachemke kwa nguvu dakika kumi na zaidi, kwa maana maharagwe mabichi, na hasa yale mekundu, yana sumu inayoumiza tumbo, nayo haifi kwa moto mdogo. Halafu punguzeni moto. Tomati zisiingie bado! Hapa ndipo wengi hukosea. Ukali wa tomati huzuia ganda la haragwe lisilainike, na mama hulaumu maharagwe ya sokoni kumbe kosa ni lake. Ngojeni mpaka haragwe livunjike kati ya vidole viwili.

Yakiisha kuiva, pondeni nusu yake kwa mwiko, ndani ya chungu chenyewe. Hilo ndilo litakaloifanya supu kuwa nzito bila unga wa kununua. Sasa tieni viazi vinne vilivyokatwa vidogo, karoti tatu kama zipo, na puaro mbili. Puaro hulimwa sana katika milima ya Kabare na Walungu, na sokoni Kadutu hupatikana kwa wingi. Msitupe majani yake ya kijani. Yaosheni vizuri, kwa sababu udongo hujificha kati yake, kisha yakateni membamba. Baada ya robo saa tieni tomati tatu na chumvi kijiko kimoja kidogo. Mwisho kabisa, dakika tano kabla ya kuepua, tieni lengalenga.

Kwa nini lengalenga iingie mwisho? Kwa sababu vitamini C haivumilii moto wa muda mrefu, nayo huyeyuka ndani ya maji. Mwenye kuchemsha majani saa nzima na kumwaga maji yake, amewalisha mifereji, na watoto wake amewapa makapi. Uzuri wa supu ni huu: yaliyotoka katika mboga yanabaki katika maji, na maji yenyewe tunayanywa. Wako pia wanaotia chumvi ya majivu ili majani yalainike na kubaki na rangi nzuri. Rangi ni nzuri, ndiyo, lakini vitamini imekufa. Tunawasihi waiache.

Kabla ya kugawa, mimineni vijiko viwili vya mezani vya mawese. Tunasema mawese mekundu, kama yalivyotoka sokoni. Ndani ya wekundu ule mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Mtoto anayeikosa huanza kujikwaa jua likitua. Hata kile kilichomo ndani ya lengalenga na karoti hakiingii vizuri mwilini pasipo mafuta. Lakini tumeona majiko ambamo mawese huchomwa mpaka yawe meupe na moshi ujae nyumba. Mafuta yamebaki, dawa imekwenda na moshi.

Juu ya vile vipande vya viungo vinavyouzwa katika karatasi, tutasema neno moja tu. Kwa sehemu kubwa ni chumvi. Havigeuzi maji kuwa nyama. Anayependa harufu yake atie nusu kipande na apunguze chumvi nyingine. Asiye nacho asihuzunike, kwa maana jani la seleri na kitunguu kilichokaangwa kidogo katika mawese vinatosha.

Sasa tunafika mahali ambapo hatutaki mtu yeyote afanye mzaha. Tuna jirani, mama mwema na mwenye bidii. Mtoto wake wa miaka miwili aliugua surua, akapona, lakini hakurudia kula. Mama akampikia supu kila siku, akachuja maji mazuri ya juu, akampa kwa kikombe. Mtoto alikunywa, tumbo likajaa, mama akafurahi. Baada ya majuma machache miguu ya mtoto ikavimba, nywele zikawa nyembamba na nyekundu, akawa anakaa mlangoni bila kucheza. Majirani wengine walisema ananenepa. Hakuwa ananenepa. Ilikuwa bwaki, ugonjwa ambao Kivu inaujua vizuri mno, hata mwaka 1965 watu wa Bukavu waliunda komite ya kupigana nao na kuipa jina hilohilo. Shukrani kwa muuguzi aliyemwona mapema, mtoto yule leo anakwenda shule. Lakini alilala hospitalini siku nyingi.

Sikilizeni basi, akina mama. Maji ya supu peke yake hayalishi mtoto. Yanajaza tumbo lake dogo na kumnyima nafasi ya chakula. Supu ya mtoto aliyepita miezi sita lazima iwe nzito, ibaki juu ya kijiko unapokiinamisha, isikimbie kama maji. Mpondeeni maharagwe, viazi na majani yaliyo chini ya chungu, tieni mawese kidogo, na pamoja na hayo unga wa karanga au wa sambaza. Tena azidi kunyonya kama bado ananyonya. Na mtoto ambaye miguu yake imevimba apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ileile. Hapo si saa ya kutafuta supu.

Tumetaja sambaza. Wazee wetu hawakumjua samaki huyu katika Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, na leo ndiye nyama ya masikini katika miji yote ya ufuoni. Nunueni fungu moja la sambaza waliokauka vizuri, wasio na harufu mbaya, wakaangeni bila mafuta mpaka wavunjike, watwangeni pamoja na vichwa na mifupa. Unga huo hukaa siku kadhaa katika chupa iliyofungwa. Vijiko vitatu ndani ya chungu vinatosha, na mifupa yake huimarisha meno na mifupa ya watoto. Wale wasiopenda samaki katika maharagwe (wapo, na katika nyumba yetu yuko mmoja) watie karanga zilizotwangwa. Lakini karanga zenye ukungu, au zilizokunjamana na kubadilika rangi, zitupwe. Sumu ya ukungu ule huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mabaya zaidi ni kununua karanga zilizokwisha kutwangwa, maana hapo hakuna awezaye kuona zilikuwaje.

Boga nalo hutoa supu nzuri, tena rahisi: likateni, lichemsheni katika maji machache pamoja na kitunguu, lipondeni, tieni karanga na chumvi. Watoto hulipenda kwa utamu wake. Juu ya sombe hatutasema leo, kwa kuwa si mboga ya kutia katika supu ya haraka: ni lazima itwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, ili sumu yake itoke na mvuke. Yenyewe inastahili juma lake.

Vijana wa shule huuliza wao watasaidia nini, kwa kuwa jikoni si mahali pao. Kwanza, ni mahali pao. Sisi tulijifunza kupika tukiwa na miaka zaidi ya thelathini, tena kwa aibu. Pili, nyuma ya kila nyumba kuna maji ya kuoshea mboga ambayo humwagwa ovyo. Lima kitanda kimoja, hata cha mita mbili kwa moja, tia samadi au majivu kidogo, mwaga mbegu za lengalenga, na maji yale yamwage hapo. Hupatikana majani ya kuchuma katika majuma matatu au manne, na ukichuma bila kung'oa, shina huchipuka tena. Atakayepanda mwanzoni mwa mwezi atakuwa na fungu lake la kwanza karibu na ile tarehe 24.