Tilapia wa Tshangalele wapimwe kabla ya kuletewa mgeni

Samaki kuingia maji mapya kwa sababu ya joto si habari ya watu wa bahari peke yao. Huku kwetu Likasi, maji ya mito ya Buluo na Panda hatimaye huingia Lufira, mto uliozuiwa Mwadingusha hadi likatokea Ziwa Tshangalele. Tilapia tunayemjua huku, Oreochromis macrochir, ni mwenyeji wa ukanda wa Zambezi na Luapula. Baridi ya Juni na Julai katika nyanda zetu humpunguzia kasi tilapia wa Nile, mpenda joto. Hali ya hewa ikizidi kupata joto, kizuizi hicho kitalegea, na wafugaji watamtaka zaidi. Nasema asikaribie Lufira kabla jeni za samaki wetu hazijapimwa.

Hatari yake kubwa si meno. Ni kuzaana na mwenyeji. Ziwa Itasy la Madagaska lilipandikizwa macrochir katika miaka ya 1950, kisha tilapia wa Nile mwanzoni mwa miaka ya 1960. Machotara wakajaa, na macrochir halisi akatoweka. Kwa jirani zetu wa Zambia, tilapia wa Nile waliotoroka mashamba ya samaki wamechanganyika na wenyeji wa Mto Kafue. Wavu hauonyeshi msiba huo. Wa Nile ana mistari ya wima mkiani, lakini chotara anaweza kuwa na mistari hafifu tu, na sokoni wote huitwa tilapia.

Wapo watakaosema mwenye njaa haulizi ukoo wa samaki, na wa Nile hukua upesi. Kweli, hukua upesi, hasa akilishwa vizuri bwawani. Ila samaki wa Tshangalele wameishi vizazi vingi katika maji yanayopokea shaba na kobalti za Likasi. Kama wamejenga ustahimilivu wowote, umo katika jeni zao, na zikishachanganywa hakuna wa kuzichambua tena. Mfugaji mwenyewe ndiye atakayekosa mbegu.

Gharama nayo isitutishe. Sampuli ni kipande kidogo cha pezi ndani ya alkoholi, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi hakiko mbali. Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inazitaka kampuni za madini zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Wavuvi wa ziwa hili wana haki ya kudai sehemu ya fedha hizo ilipie vipimo kabla vifaranga wa Nile hawajafika.