Muhuri wa video kutoka Marekani: muulize kwanza atakayeupokea

Wafanyabiashara wengi wa mipakani wana ndugu au mshirika aliyeko Marekani. Huenda lori limeandikwa kwa jina lake, au ghala. Ili wewe uliyeko Namanga au Kigali uuze au usaini kwa niaba yake, unahitaji hati ya uwakilishi yenye muhuri wa notari. Siku hizi ndugu huyo anaweza kukupigia simu akasema amemaliza kila kitu kwa video, bila kutoka nyumbani. Je, hati hiyo itapokelewa huku?

Marekani kila jimbo lina sheria yake ya notari. Virginia ilitangulia: sheria iliyopitishwa 2011 ilianza kutumika Julai 2012, ikimruhusu notari kushuhudia sahihi ya mtu aliye mbele ya kamera. Texas na Nevada zilifuata 2017. Korona ilipofunga ofisi mwaka 2020, majimbo mengine yaliharakisha, na leo zaidi ya 40 yana sheria za aina hiyo. California ilipitisha yake 2023, ila ikajipa hadi 2030 kukamilisha mitambo.

Kinga zake si haba. Kitambulisho hukaguliwa kwa mtambo, anayesaini mara nyingi huulizwa maswali kuhusu historia yake ya mikopo na makazi, na majimbo mengi hutaka video ihifadhiwe miaka kadhaa, mara nyingi 10. Ukitokea ugomvi, ushahidi huo unaweza kuwa mzito kuliko wino peke yake.

Hata hivyo kuna mitego miwili. Kwanza, notari lazima awe ndani ya jimbo lake wakati wa kazi. Anayesaini anaweza kuwa nje ya Marekani, lakini majimbo mengi hutaka shauri lenyewe liihusu Marekani: mali iliyoko huko, ofisi ya serikali yake au biashara inayofungamana nayo. Hivyo mtu wa Arusha anayemlipa notari wa huko kwa mtandao ili auze kiwanja cha Arusha anaweza kununua karatasi tupu. Na asiye na rekodi za mikopo Marekani hukwama kwenye yale maswali.

Pili, sheria ya Texas haimfungi msajili wa ardhi wala ofisa wa forodha wa kwetu. Burundi imo katika mkataba wa apostili tangu 2015, na kwa Rwanda ulianza kutumika Juni 2024. Cheti hicho huthibitisha sahihi na cheo cha notari. Hakithibitishi yaliyoandikwa ndani ya hati. Nchi isiyo kwenye mkataba hudai mlolongo wa mihuri unaoishia ubalozini.

Basi kabla ndugu yako hajalipa, peleka rasimu kwenye ofisi itakayoipokea. Uliza mambo matatu: wanakubali sahihi ya video? Wanataka karatasi yenye wino? Wanataka apostili au muhuri wa ubalozi? Jibu likiwa na mashaka, asaini kwa kalamu mbele ya notari.

Serikali za Jumuiya zingeweza kukubaliana kanuni moja ya kupokea hati hizi. Mpaka hapo, hati ikikataliwa dirishani, gharama ya siku zinazopotea ni ya mfanyabiashara, si ya notari.