Wezi wa Muvi Ndio Waliotutunzia

Wiki iliyopita nilikaripiwa chumba cha habari. Sikuharibu stori wala sikuchelewa. Nilisema tu kwamba kuna jamaa huku kwetu Mbagala, amejaza diski za muvi za zamani chumbani kwake, na kama nchi hii ingekuwa na haya angepewa tuzo. Kaka mmoja wa meza ya jirani, mtu ninayemheshimu sana, akageuka na kiti chake: "Dogo, mwizi ni mwizi. Msomi mzima wa chuo kikuu unatetea watu waliowatia umaskini wasanii?" Watu wakacheka. Nikanyamaza, kwanza kwa adabu, pili nilikuwa sijamaliza habari ya ukurasa wa tatu. Leo namjibu hapa kijiweni kwangu, ambapo hakuna wa kunikatisha.

Kwanza niwaeleze nilivyofika kwa huyo jamaa, maana sikwenda kutafuta habari.

Mama yangu mdogo aliwahi kuigiza. Msicheke. Mwaka 2006, mimi nikiwa mtoto wa miaka minane, walikuja watu kupiga picha za muvi mtaani kwetu wakahitaji mama lishe. Mama mdogo alikuwa mama lishe kweli, na genge lake lilikuwa hapo hapo. Wakamwambia auze kama anavyouza siku zote, halafu amchambe jamaa anayekula bila kulipa. Hakuandikiwa neno hata moja. Dakika mbili hivi. Mtaa mzima ukambatiza Staa, na jina hilo akawa nalo mpaka alipofariki mwaka 2011. Alimwacha kitinda mimba wa mwaka mmoja.

Yule mtoto sasa yuko sekondari. Picha za mnato za mama yake anazo, lakini sauti yake haijui. Mwaka jana akaniambia, "Kaka, ile muvi ya mama siwezi kuipata?" Nikaingia mtandaoni, nikaikuta, nikashangilia kama nimefunga goli. Jina walishalibadilisha, juu kulia wamebandika nembo yao, na picha imevutwa ijae kwenye simu mpaka watu wote wana nyuso pana kama sinia. Nikavumilia nifike kwenye genge.

Genge halipo. Staa wa muvi anatoka nyumbani na njaa, kufumba na kufumbua yuko baa. Nadhani najua sababu. Siku ile redio ya mama mdogo ilikuwa inapiga wimbo wa bendi, na mitambo ya mtandaoni hutambua nyimbo zenye hakimiliki. Aliyeipandisha hakutaka usumbufu, akakata kipande chote. Kwake ni dakika mbili za mama lishe asiyejulikana.

Ndipo nikaelekezwa Kizuiani.

Jamaa alikuwa na kibanda umiza zamani, mabenchi manne na tivii ya chogo. Kibanda kilishakufa, muvi hakuzitupa. Tarehe 29 Aprili 2009, mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka hapa Mbagala na watu wakakimbia na watoto na magodoro, yeye alikimbia na begi la diski. (Mkewe mpaka leo hajamsamehe. Anasema mtoto alimbeba yeye peke yake mpaka Mtongani.) Nilipomtajia jina la muvi hakuuliza chochote. Alinyanyuka, akatoa boksi la viatu, akasema, "Unataka ya mwanzo au ile ya msambazaji?"

Sikujua kama zipo mbili. Ya mwanzo watengenezaji waliiuza wenyewe mkononi. Baadaye walimuuzia msambazaji haki zote, kama walivyofanya wengi enzi zile, naye akaitoa upya akiwa ameipunguza na kujaza matangazo ya muvi zake nyingine. Ile ya mtandaoni imetokana na hiyo ya pili, tena ikakatwa zaidi. Nakala ya kopi ya kopi.

Diski yake ya mwanzo ilikuwa imekwaruzika vibaya. VCD moja hubeba dakika 74 hadi 80, ndiyo maana muvi zetu nyingi zilikuja diski mbili, na genge la mama mdogo liko diski ya pili, ile iliyoumia. Akampigia simu mwenzake wa Charambe ambaye naye ana nakala, nayo imekwaruzika, lakini sehemu nyingine. Hapo ndipo nilipoona kazi. Ana programu inayosoma diski kipande kwa kipande. Ikikwama inaruka, inaweka alama, inaendelea mpaka mwisho, kisha inarudi kujaribu tena pale palipogoma. Akaisoma diski yake usiku kucha, halafu akaweka ya mwenzake ili ijaze mapengo yale tu. Mapengo ya huyu yakazibwa na uzima wa yule. Siku mbili, feni inapuliza kompyuta isiungue, umeme umekatika mara moja tukaanza tena. Hakunitoza hata mia. Nembo yake hakuibandika. Picha aliiacha mraba kama ilivyopigwa.

Mama mdogo akatokea, kanga kiunoni, mwiko mkononi, anachamba. Redio inaimba nyuma yake. Mwanawe akaangalia mpaka mwisho, akasema, "Kumbe anaongea kama bibi," akaomba irudishwe nyuma. Tuliirudisha mara nyingi.

Sasa kaka yangu wa meza ya jirani, hebu niambie mwizi hapo ni nani.

Najua utanikumbusha mwaka 2017, wasanii wa Bongo Movie walivyoandamana Kariakoo kupinga kopi za muvi za nje zinazowaua sokoni. Walikuwa na haki ya kulia. Anayechoma CD ya muvi iliyotoka juzi na kuiuza buku barabarani anamla msanii, simtetei. Lakini muvi iliyoacha kuuzwa miaka kumi na tano iliyopita, isiyopatikana duka lolote, ambayo mwenye haki zake mwenyewe hajui nakala kuu iko wapi, hapo anaibiwa nani? Wangapi kati ya waliotengeneza muvi za miaka ya 2000 walifuta kazi kwenye kompyuta ili wapate nafasi ya kazi inayofuata? Siwalaumu, diski kuu zilikuwa ghali. Nawalaumu wanaojifanya haikutokea.

Wenzetu Waganda angalau wanakiri. Muvi yao maarufu kuliko zote, Who Killed Captain Alex, aliyoitengeneza Nabwana pale Wakaliga, Kampala, na kuitoa mwaka 2010, haina tena nakala yake ya mwanzo. Imepotea. Iliyobaki, ambayo dunia nzima imeiona, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akitania juu ya picha. Bila nakala ya VJ isingekuwepo hata hiyo.

Na hapa nina neno na wale wenzangu wa chuo wanaodharau muvi zilizotafsiriwa. Jamaa wa Kizuiani anatunza pia muvi za nje zenye sauti ya Lufufu, yaani Derek Mukandala, na nimesikia mtu akiziita takataka zilizoharibu kazi za watu. Kwa nani? Sisi watoto wa Mbagala tuliopanga foleni kibandani hatukuwahi kuziona bila yeye. Alieleza, alichekesha, aliongeza chumvi. Ile ni kazi ya msanii wa Kitanzania juu ya kazi ya mwingine, na ikipotea hakuna studio ya Marekani itakayoturudishia. Tunza ile ya Kiingereza, tunza na ya Lufufu, andika juu ya kila moja ni ipi. Kosa ni kuuza moja ukisema ndiyo nyingine.

Kaka atasema haya ni mambo ya uswahilini. Basi twende Marekani. Mwaka 1988 George Lucas alisimama mbele ya Bunge la kwao kuwapinga wanaobadilisha filamu za zamani. Mwaka 1997 akaitoa upya Star Wars yake ya 1977 akiwa ameichezea, kaongeza viumbe vya kompyuta, na pale baa adui akafanywa aanze kufyatua risasi ambayo mwanzo hakuifyatua. Filamu ni yake, sawa. Ila ile ya 1977 ikawa haipatikani kwa ubora wowote wa maana. Mashabiki wakasaka mikanda ya filamu ya milimita 35 iliyobaki, wakaipiga picha fremu kwa fremu, wakafuta mikwaruzo. Kisheria hawakuwa na ruhusa. Juni 2025 nakala halisi ya 1977 ikaonyeshwa London, na kampuni yenyewe imeshatangaza kuirudisha sinema mwaka 2027. Sidhani kama ingefika huko bila wale wakaidi kuwaonyesha kwamba watu bado wanaitaka.

Sisi huku hatuhitaji hata ugomvi mkubwa hivyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tunayo tangu 1976, na muvi inatakiwa kupita Bodi ya Filamu kabla ya kuoneshwa. Maana yake muvi hupita mezani kwa serikali ikiwa mpya, haina mkwaruzo. Kinachohitajika ni nakala moja ibaki, itunzwe, kama mchapishaji anavyotakiwa kupeleka vitabu Maktaba Kuu. Na kwa zile za zamani, wapigieni hodi watu kama jamaa wa Kizuiani, na msiende na polisi. Nendeni na diski kuu tupu.

Maana muda hausubiri kikao. VCD zake zilizo karibu na dirisha zimeanza kugeuka rangi. Mikanda ya VHS ndiyo balaa. Anayo arobaini na kitu, mingine imeota ukungu mweupe, na deki yake imekufa kichwa tangu Januari. Fundi wa Rangi Tatu amesema vipuri hakuna. Ndani ya mikanda hiyo mna michezo iliyorekodiwa harusini na muvi ambazo yeye mwenyewe amesahau.

Kwa hiyo mwenye deki ya mkanda inayofanya kazi, hata kama ni chafu, hata kama inameza, anishtue. Nitaifuata popote Dar, nauli juu yangu. Na wewe kaka, najua pale kwenu Tandika mnayo, nimeiona chini ya kabati la vyombo.