Punguzeni Muziki, Nyama Inaungua

Jumamosi moja jioni, katika baa moja ya Sinza, Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, niliagiza nusu kilo ya mbavu za mbuzi. Ikaja kilo na nusu. Mhudumu hakuwa na kosa. Nilimpigia kelele sikioni, naye akanipigia kelele sikioni, tukatikisiana vichwa kama watu walioelewana, kisha akaenda jikoni kumpigia kelele mchomaji. Katikati yetu zilisimama spika mbili zenye kimo cha mtu mzima, zikishindana na spika za baa ya jirani.

Mbavu zenyewe zilikuwa nyeusi upande mmoja na mbichi penye mfupa. Nilipokwenda jikoni kulalamika, mchomaji, mtu wa makamo anayeijua kazi yake, hakujisumbua kufungua kinywa. Aligusa sikio lake, akanyoosha kidole kwenye spika, kisha akanionyesha mbavu. Nikarudi kukaa. Kesi ilikuwa imekwisha.

Kuna imani iliyoota mizizi kuanzia Sinza hadi Kwa Mrombo kule Arusha, na ukivuka mpaka utaikuta Nairobi vilevile: nyama choma bila muziki mkubwa hainogi. Anayefungua baa anakopa spika kwanza, habari ya mkaa itajulikana baadaye. Mteja akipita akakuta watu wanaongea kwa sauti ya kawaida anageuza gari, anasema hapa pamepoa. Mahali pakisifiwa kwamba pamechangamka, maana yake chupa zinatetemeka juu ya meza. Wengine wetu tumezoea hivyo kiasi kwamba hata tukichoma nyumbani, watu sita uani, spika lazima isikike mtaa wa tatu. Mimi nasema imani hiyo ni ya uongo, na anayeanza kuilipia ni mbuzi.

Tuanze jikoni. Mchomaji mzuri hategemei macho peke yake. Jioni ikishaingia, moshi umejaa na taa ni za rangi, macho yatamsaidia nini? Anachoma kwa sikio. Nyama mbichi ikitua juu ya wavu inalia kwa sauti nyembamba, ndiyo maji yanayokauka. Baadaye mafuta huanza kudondoka kwenye mkaa, tone moja moja, na kila tone linatoa "chwaa" fupi. Moshi wa tone hilo ndio unaopanda kuipa nyama harufu yake. Matone yakifuatana bila nafasi, ile "chwaa" ikageuka mvumo mmoja, moto unakaribia kuruka. Hapo fundi husogeza mbavu pembeni au hunyunyiza maji ya chumvi. Zote hizo ni sekunde chache. Anayesubiri mpaka auone moto amekwisha kuchelewa, na wewe utaletewa mkaa wenye mfupa ndani.

Ulimi nao una sikio. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Waliwavalisha watu vifaa vya kusikilizia masikioni, wakawalisha vitafunwa huku wakiwapigia mvumo, mara mdogo, mara mkubwa. Mvumo ulipokuwa mkubwa, walaji waliiona chumvi imepungua na sukari imepungua, ilhali chakula kilikuwa kilekile. Sasa mtazame mteja wa baa zetu. Anachovya kipande kwenye chumvi, anakirudisha tena kwenye chumvi, anaongeza pilipili, anakamua ndimu, halafu analalamika kwamba mbuzi wa siku hizi hawana ladha. Ladha ipo. Imeliwa na spika.

Na huyo ni mteja, ambaye saa mbili baadaye yuko nyumbani kwake. Mchomaji anabaki. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani inahesabu kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, lakini zikifika 100 muda wake ni dakika 15 tu. Spika za baa zikifunguliwa kweli, 100 si ajabu. Kwa dakika 15 mkaa wenyewe haujashika vizuri, na yule bwana atasimama pale hadi usiku wa manane, leo, kesho na Jumapili ya bonanza.

Najua jibu linalokuja: mbona baba zetu walikula nyama na muziki? Walikula, tena hapo ndipo imani hii inapojikwaa. Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Mlimani Park, wana Sikinde walioanza mwaka 1978, hawakupiga kwa kunong'ona. Lakini wimbo wao ulikolezwa kama jiko la mkaa linavyokolezwa. Unaanza taratibu. Mwimbaji anasimulia kisa chake, cha ndoa au cha jirani msengenyaji, na magitaa yanampisha aseme. Kisa kikishaingia, ndipo magitaa yanachanganya na tarumbeta zinajibu. Hata santuri ndogo za zama zile mara nyingi ziliugawa wimbo pande mbili: upande wa kwanza ukae usikilize maneno, ugeuze upande wa pili uinuke ucheze. "Mario" ya Franco wa Kongo na bendi yake ya TPOK Jazz, ya mwaka 1985, ilikwenda karibu robo saa. Nyimbo nne za namna hiyo na mbavu za mbuzi ziko tayari. Ulikuwa muziki unaojua kusubiri.

Na watu walisikiliza. "Mario" iliimbwa kwa Kilingala, lakini leo hakuna asiyejua marioo ni mwanamume wa namna gani, yule anayelishwa na kuvishwa na mwanamke aliyemzidi umri na pesa. Hata msanii wa Bongo Fleva amejiita hivyo, na hakuna anayeuliza neno limetoka wapi. Neno haliingii katika lugha ya watu kwa kurushwa na spika. Lile liliingia kwa sababu walikuwepo watu mezani, wimbo unaendelea, mmoja akamuuliza mwenzake aliyewahi kuishi Kongo, "Hivi huyu analalamika nini?" Akaelezwa. Wakabishana kama kosa ni la kijana au la mama aliyemfuga. Nyama ikafika katikati ya ubishi. Niambie wewe, katika baa ya Jumamosi iliyopita ulibishana na nani, na kuhusu nini?

Msinifanye mzee anayelilia ujana wake. Amapiano, ambayo wenzangu wa rika langu wanaisingizia kila ubaya, ni muziki wa subira kuliko wanavyodhani. Mapigo yake yanachezea 110 hadi 115 kwa dakika, na wimbo unaweza kwenda dakika 6 au 7 kabla haujafika unakokwenda. Ukipigwa kwa kiasi unakaa na mbavu vizuri kabisa. Anayeuharibu ni DJ anayekata kila wimbo kabla haujatimiza dakika moja, anaingiza king'ora, anataja jina lake mara tatu, anaanza mwingine. Huo haujawa muziki wa nyama choma wala wa kitu kingine chochote. Ni mtu anayefunuafunua sufuria kila baada ya dakika, kisha anashangaa wali haujaiva.

Mwenye baa naye ana hoja, na nitampa haki yake. Atasema, "Kaka, muziki ukiwa juu bia zinatoka." Yawezekana. Watu wasioweza kuongea wataifanyia nini midomo yao zaidi ya kunywa? Kama biashara yako ni bia peke yake, endelea, tutakutana mahakamani na majirani zako. Kanuni za kudhibiti kelele Tanzania inazo tangu mwaka 2015, Kenya tangu 2009, na NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, imeshafungia baa kwa kosa hilo hilo. Lakini mimi sikuja na sheria, nimekuja na njaa. Kama umeandika nje "nyama choma", basi hesabu nyingine: mla nyama asiyeweza kuzungumza anamaliza kilo yake, analipa, anaondoka. Anayezungumza anaagiza nusu nyingine, kisha ndizi, kisha supu, kwa sababu hadithi haijaisha.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyama nzuri hujiuza kwa moshi wake. Moshi wa mbuzi juu ya mkaa mzuri unavuka barabara, unaingia dirishani mwa daladala na kumshusha abiria vituo viwili kabla ya kwake. Hauhitaji umeme wala DJ. Nikikuta jiko limezungukwa na spika nne, siku hizi najiuliza kwanza hiyo nyama ina nini hata itembezwe kwa nguvu zote hizo.

Kwa hiyo, wenye baa, dawa ni nyepesi. Ondoeni spika jikoni. Mchomaji apewe masikio yake, na anayetaka kucheza atengewe uwanja wake upande wa pili. Wekeni Les Wanyika, wekeni Mbaraka Mwinshehe, wekeni amapiano mkipenda, ila wimbo uachwe uishe, na mtu aweze kutamka "nusu kilo" mara moja akasikika.

Na wewe mteja mwenzangu usijifanye huhusiki, maana pamepoa umesema wewe. Jumamosi hii ukikaa mezani na mbavu zikaja hazina ladha, usikimbilie chumvi. Mwite mhudumu, mwambie apunguze muziki, kisha uonje tena.