Faili halikupotea, lilipandishwa ndege

PILIPILI USOILA
Na Mwanaidi Kombo

Jumanne nilikuwa kwenye foleni. Wasomaji wangu wa tangu zama mnajua mimi na foleni ni paka na maji. Safari hii ilikuwa afisi moja ya ardhi, siitaji, na shida ni kiwanja cha shangazi yangu wa Kikambala. Faili lake tunalifukuzia miezi mitatu sasa.

Karani wa dirishani, kijana mpole kweli, alikwenda nyuma akakaa muda wa kuivisha maharagwe, kisha akarudi mikono mitupu.

“Mama, faili halionekani. Jaribu wiki ijayo.”

Ningenyamaza. Nilikuwa nimekwisha nyamaza, wallahi. Lakini nyuma yangu palikuwa na bwana mmoja wa makamo, tai shingoni na joto lote lile, ambaye nusu saa kabla alikuwa ameazima kalamu yangu ya kijani. Akaguna, akawatangazia watu wote: “Enzi za Mzungu hamngesikia upuuzi huu. Mzungu alitunza karatasi. Barua ikitoka London inasomwa, inajibiwa, inatiwa failini. Sisi ndio hatuwezi.”

Na foleni nzima, Mungu awasamehe, ikaitikia kwa kichwa.

Nikasikia moto utosini. Ni kweli, Mzungu aliandika. Kila alilolitenda huku aliliandikia London, na London ikamjibu, siri juu ya siri. Muulizeni basi aliandika nini. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni hili la Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu namna ya kutumia nguvu kwa wafungwa wa Mau Mau huko kambini pasipo sheria kuwakamata watawala wenyewe. Akamtahadharisha kwamba kama watatenda dhambi, basi waitende kimya kimya. Huyo ndiye mlinzi wa sheria! Gavana naye akaifungasha barua hiyo pamoja na yake, zikaenda kwa Waziri wa Makoloni. Marehemu babangu alikuwa karani wa boma, na alitufunza kwamba barua ya serikali huandikwa kwa wudhu. Sijui hawa walitawadhia wapi.

Miaka miwili baadaye, Machi 3, 1959, watu 11 wakauawa kwa kipigo kambini Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ikasema wamekufa baada ya kunywa maji.

Sasa, mtu mwenye barua kama hizo, uhuru ukikaribia, hufanya nini? Huitafuta njiti. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisirithi karatasi yoyote inayoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Hapa kwetu mafaili yakatengwa mafungu mawili: ya kurithiwa, na yale yaliyogongwa muhuri wa W, ambayo hayakuruhusiwa kuguswa ila na afisa Mwingereza wa asili ya Ulaya. Babangu na wudhu wake, akae nje. Ya kuchomwa yachomwe yawe majivu, na majivu yenyewe yapondwe. Ya kutoswa yatiwe kwenye masanduku yenye uzito, yazamishwe kwenye kina kirefu, mbali na pwani, pasipo na mkondo. Mimi mtoto wa pwani nilicheka niliposoma hapo. Bahari yetu hii, ya kusi na kaskazi, inayorudisha mpaka kandambili! Halafu, kwa utaratibu ule anaousifu bwana wa tai, cheti cha uteketezaji kijazwe na kutiwa saini.

Uchomaji huu haukuanzia kwetu: Delhi Waingereza walichoma mwaka 1947 mpaka moshi ukawaumbua. Malaya wakapata akili, karatasi za Kuala Lumpur zikasafirishwa kwa malori hadi tanuri la wanamaji kule Singapore.

Yetu yaliyosalimika, mafaili kama 1,500, yalipandishwa ndege yakaenda Uingereza. Kenya iliyaomba mwaka 1967. Ikakataliwa. Yakafichwa, mwishowe yakawa Hanslope Park, nyuma ya uzio wa serikali, hadi wazee watano, wanaume kwa wanawake, walipoishtaki Uingereza mwaka 2009 kwa mateso ya kambini. Mwaka 2011 wakubwa wa London wakakiri: wanayo, na si ya Kenya tu, ni mafaili kama 8,800 ya makoloni 37. Fidia ikaja 2013, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za mawakili, kwa watu 5,228. Wengine waliopigwa walikuwa wameshazikwa. Kwa karibu nusu karne London ilitujibu kama yule kijana wa dirishani, ila yeye hakuwa amelikalia faili.

Haya niliyamwaga pale pale, si kwa mpangilio huu na si kwa sauti hii. Bwana wa tai akarekebisha tai. “Mama, hizo ni siasa.”

Karani, nadhani kwa kuogopa nisianze upya, akarudi nyuma mbio na kutoka na jalada. Jina la shangazi hilo hapo, nambari hiyo hapo, mihuri miwili. Nikalifungua. Ndani hamna kitu, hata karatasi ya kufungia karanga.

Na hili pia lilikuwamo katika maagizo yale ya 1961: faili likiondolewa, liwekwe la bandia mahali pake ili pengo lisionekane. Tulirithi kabati, tukarithi na ufundi wake. Asiniambie mtu kwamba tumeuzua wenyewe.

Jumatatu narudi, maana kuna fomu ya kueleza jinsi faili lilivyopotea, na anayepaswa kuijaza ni mimi. Bwana wa tai, uliondoka mbio sana. Ukisoma safu hii, kalamu yangu ya kijani, tafadhali.