Gari Kuukuu: Tulifufue au Tulizike?

Wahenga hawakutuachia jawabu moja. Walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakanena pia kuwa ya kale ni dhahabu. Baina ya kauli hizo mbili ndipo alipokwama mwalimu mmoja wa Moiben, ambaye Peugeot 504 yake ilizimika njiani ikiwa na magunia ya mahindi, ikakataa katakata kuwaka.

Aina hiyo ilishinda mbio za Safari mwaka wa 1975 na wa 1978, na zilizounganishwa Mombasa zilibeba abiria na mazao ya Bonde la Ufa kwa miaka mingi. Lakini sifa hazinunui spea.

Wanaomshauri anunue jingine husahau kwamba "jipya" la Mkenya wa kawaida ni mtumba, ambao kanuni zinauruhusu kuingia nchini ukiwa na umri wa hadi miaka minane. Huenda akabadilisha uzee anaoujua kwa uzee asioujua, tena kwa mkopo.

Hata hivyo, ukuukuu una mpaka. Injini hufunguliwa ikaundwa upya; bodi iliyoliwa na kutu haina dawa ya kudumu. Basi na ajumlishe gharama za fundi za mwaka mzima pamoja na safari zitakazopotea, kisha alinganishe na marejesho ya mkopo ya mwaka huo. Zikizidi, aliuze. Zisipozidi, na bodi ikiwa nzima, alifufue.

Lugha yetu husema gari "limekufa". Sitiari hiyo isitulize mapema: tupige hesabu kwanza, matanga baadaye.