Kabla hujalipia kompyuta ya mtoto, uliza: ni biti 32 au 64? (Sehemu ya 6)



Wiki iliyopita tuliongea chanjo ya miezi 9. Leo naomba tuache kliniki kidogo, maana swali moja limekuwa likirudi kila siku: "Sista, nimenunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya mtoto, programu inagoma kuingia. Nimeuziwa mbovu?"

Msimamo wangu nausema mapema. Mara nyingi kompyuta sio mbovu na programu sio mbovu, ila havijalingana. Na hili sio jambo la fundi peke yake. Mama anayetoa hela ya kikoba ana haki ya kulijua kabla hajalipa.

Hapa kwetu Maganzo, karibu na mgodi wa Mwadui, hakuna anayenunua jiwe la almasi kwa kulitazama juu juu. Analishika, analiweka kwenye mwanga, anatoa lenzi, anapima kwenye mizani. Lakini mtu huyo huyo akienda mjini kununua kompyuta anaangalia rangi, ukubwa wa kioo na kama inawaka. Basi, analipa. Jamani, lenzi ya kompyuta ipo na ni bure. Twende nayo taratibu.

Kompyuta nyingi za Windows mtakazokutana nazo zimegawanyika makundi mawili: za biti 32 na za biti 64. Hiyo namba inaonyesha kompyuta inashika taarifa za ukubwa gani kwa mara moja, na inaweza kufikia kumbukumbu kiasi gani. Ya biti 32 ina anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, yaani GB 4, na hapo ndio mwisho wake. Sasa sikilizeni vizuri: ukinunua kompyuta yenye RAM ya GB 8 halafu fundi akakupigia Windows ya biti 32, mashine haitavuka GB 4. Umelipia 8, unatumia nusu au pungufu, na nyingine imelala tu humo ndani.

Kuhusu programu, nawapa mfano wa kazini. Mgonjwa wa kundi O anapokea damu nyekundu ya O tu, lakini wa kundi AB anapokea ya O na ya AB pia. Windows ya biti 32 ni kama yule wa O: inapokea programu za biti 32 peke yake. Windows ya biti 64 ni kama yule wa AB: inapokea programu za 64 na karibu zote za 32. Ukilazimisha programu ya 64 kwenye Windows ya 32, itakataa. Utaona maandishi ya Kiingereza yanayosema programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Bando limeisha, mtoto ananuna, na wewe unaanza kumlaumu muuzaji.

Ila mfano huu una mahali unapokwama: draiva, ile programu ndogo inayounganisha kompyuta na printa au skana. Draiva lazima ilingane moja kwa moja na Windows yako, 64 kwa 64 na 32 kwa 32. Ndio maana printa ya zamani iliyokuwa inafanya kazi vizuri tu inaweza kugoma siku unapoiunganisha na kompyuta mpya. Kabla hujaitupa, tafuta draiva yake ya biti 64 kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Kama kampuni haijawahi kuitoa, hapo tena hakuna ujanja.

Sasa lenzi yenyewe. Kwenye Windows 10 au 11 fungua Settings, ingia System, shuka mpaka About, tafuta mstari ulioandikwa System type. Una sehemu mbili: ya kwanza inataja Windows iliyopigwa, ya pili inataja prosesa, yaani ubongo wa mashine. Majibu ya kawaida ni matatu:

1. "64-bit operating system, x64-based processor". Safi, vyote ni 64.

2. "32-bit operating system, x64-based processor". Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Ubongo unaweza 64, ila fundi amepiga Windows ya 32. Inarekebishika, lakini inabidi kupiga Windows upya kabisa na vilivyomo vinafutika. Hamisha kwanza picha na kazi za mtoto kwenye flashi au diski ya nje.

3. "32-bit operating system, x86-based processor". Ubongo wenyewe ni wa 32. Hakuna fundi atakayeubadilisha kwa kupiga Windows, hata akikuahidi.

Hiyo x86 inachanganya watu. Mtu anaona 86 ni kubwa kuliko 64, anaamua ndio mpya. Hapana. Jina limetoka kwenye prosesa ya Intel iitwayo 8086 ya mwaka 1978, na leo kwenye kurasa za kupakua programu x86 maana yake ni biti 32. x64 ni biti 64. Ukiona ARM64, hiyo ni ya aina nyingine ya prosesa. Usiichukue kama kompyuta yako haijaandikwa ARM.

Wapo mafundi wanaosema, "Piga 64 kwa kila mtu, ndio ya kisasa." Sikubaliani nao moja kwa moja. Microsoft wenyewe kwa Windows 10 waliweka kiwango cha chini cha RAM kuwa GB 1 kwa biti 32 na GB 2 kwa biti 64. Kompyuta ya GB 2 ukiipa 64 inafanya kazi huku inahema. Kama hiyo tayari iko nyumbani na mtoto anaitumia kuandika tu, usikimbilie kuibadilisha. Bora kwanza kuongeza RAM, kama mashine inaruhusu.

Lakini kwa anayenunua leo naongea tofauti: prosesa ya biti 32 usiichukue, hata bei iwe tamu namna gani. Windows 11 iliyotoka 2021 haina kabisa toleo la biti 32. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Chrome nayo iliacha Windows 7 mwaka 2023. Mtoto aliyeko kidato cha pili leo ataihitaji hiyo kompyuta mpaka siku anajaza maombi ya chuo na ya mkopo wa HESLB mtandaoni, na madirisha hayo yana tarehe ya kufungwa. Hayasubiri mama atafute fundi.

Hatari kubwa zaidi ninayoiona inakuja baada ya programu kukataa. Mtu anaingia mtandaoni kutafuta "ile inayokubali", anapakua iliyovunjwa kutoka tovuti asiyoijua, na virusi vinaingia nayo. Dawa ikikataa kwa mgonjwa hatuendi kununua ya mtu anayepita na begi. Rudi tovuti ya mwenye programu, chagua toleo linalolingana na mashine yako.

Simu nazo zina 32 na 64. Play Store inakuchagulia yenyewe toleo linalofaa. Faili la APK ulilotumiwa na jirani WhatsApp halikuchagulii, na hujui limepita mikono ya nani.

Kwa wauzaji wa kompyuta za mtumba, Shinyanga, Kahama, Geita na kwingine: nawaomba muandike kwenye karatasi mambo matatu tu, RAM, prosesa ni biti ngapi, na Windows iliyopigwa ni biti ngapi. Muuzaji mwaminifu hapungukiwi kitu. Na wewe mama, akikujibu "itakubali tu", mwambie akufungulie About uone mwenyewe. Akikataa, funga pochi yako, nenda duka la pili.

Kazi ya leo usiku: fungua kompyuta ya nyumbani, soma System type, niandikie kwenye komenti ni jibu la 1, la 2 au la 3. Namba tu inatosha, msipige picha ukurasa mzima maana una taarifa nyingine za mashine yako. Wa namba 2, msimwite fundi kabla hamjahamisha picha za watoto.

Ijumaa tunarudi kwenye homa ya usiku kwa mtoto chini ya miaka 5. Mlale salama.